Mpira ukishatoka mkononi, ni nini kinachousukuma?

"Nawafundisha besiboli vijana wa miaka 13 na 14. Fizikia sikuisomea, mchezo niliujua kwa kuucheza. Juzi binti mmoja kikosini aliniuliza: mpira ukishaondoka mkononi mwa mrushaji, ni nguvu gani inayoendelea kuusukuma? Nikamjibu kwamba ni nguvu ya mkono iliyoingia ndani ya mpira, nayo huisha kidogo kidogo mpaka mpira unaanguka. Mwalimu wao wa fizikia alipopata habari akasema nimewapotosha. Sasa naanza kutilia shaka na mengine ninayowafundisha: kwamba mpigaji aendelee kuusukuma mpira kwa gongo baada ya kuugusa, kwamba gongo zito ndilo linalofikisha mpira mbali, na kwamba mpira wa kupinda ni kiini macho tu. Tena mrushaji wangu bora, kijana wa miaka 13, ameanza kulalamika maumivu upande wa ndani wa kiwiko. Jumamosi hurusha mara 80 hivi, na Jumanne mazoezini anarusha tena. Je, ni mpira wa kupinda unaomuumiza? Nifanye nini?"

Mwalimu, niruhusu nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri na hilo haliwezi. Kijana huyo asirushe tena mpaka kiwiko chake kimeangaliwa na daktari. Asirushe kidogo, asirushe polepole, asirushe "kujaribu kama bado kunauma". Sababu zake nitazieleza chini, na utaona kwamba zinatokana na fizikia ile ile iliyokugombanisha na mwenzako.

Sasa turudi kwa yule binti. Swali lake ni zuri mno, na jibu ulilompa ndilo ambalo watu wenye akili zao walilitoa kwa karne nyingi. Karne ya 14 wanazuoni wa Ulaya walifundisha kwamba mrushaji hutia ndani ya kitu kinachorushwa aina fulani ya msukumo, nao ndio unaokipeleka. Kwa hiyo usijilaumu. Lugha yetu nayo inatutegea mtego hapa. Neno nguvu tunalitumia kwa kitu ambacho mtu anacho, anaweza kukitia mahali, na kinaweza kumwishia: nguvu za mwili, nguvu za dawa, betri imeisha nguvu. Ukilipeleka neno hilo kwenye mpira, moja kwa moja utauona kama chombo kilichojazwa kitu kinachovuja njiani.

Fizikia inataka neno jembamba zaidi, na vitabu vyetu hulitumia: kani. Kani ni msukumo au mvuto baina ya vitu viwili. Haikai ndani ya kitu kimoja. Vidole vya mrushaji vinausukuma mpira na mpira unavisukuma vidole kwa kiasi kile kile, na mara tu vinapoachana, kani hiyo haipo tena. Haijaenda na mpira wala haijabaki mkononi. Kilichoenda na mpira ni mwendo. Mpira wenye masi ya gramu 145 unaokwenda mita 42 kwa sekunde una momenta, yaani masi mara kasi, na momenta haihitaji kusukumwa ili idumu. Inahitaji kusukumwa ili ibadilike. Isaac Newton aliliandika hilo kama sheria yake ya kwanza ya mwendo mwaka 1687, na hadi leo wanafunzi wanaikariri bila kuiamini, kwa sababu kila wanachokiona duniani kinasimama chenyewe. Kinasimama kwa kuwa kuna kitu kinachokisimamisha.

Mwambie hivi basi: baada ya kutoka mkononi, hakuna kani inayousukuma mpira mbele. Zipo tatu zinazoushughulikia, na hakuna hata moja iliyotoka kwa mrushaji moja kwa moja. Ya kwanza ni uzito wake, takriban nyutoni 1.4 (nyutoni ni kipimo cha kani) kuelekea chini. Ya pili ni ukinzani wa hewa, unaourudisha nyuma. Ya tatu huja pale tu mpira unapojizungusha, nami nitaifikia kwenye mpira wa kupinda.

Ukinzani wa hewa watu huudharau mno. Kwa mpira unaokwenda mita 42 kwa sekunde, yaani kilomita 150 kwa saa, hewa inaurudisha nyuma kwa kani inayokaribia kulingana na uzito wa mpira wenyewe. Ni kama mpira umegeuziwa uzito wake ukawa unavutwa kuelekea kwa aliyeurusha. Ndiyo maana unafika kwa mpigaji ukiwa umepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya kasi yake. Upunguaji huo ndio ulioutafsiri kama "nguvu kuisha". Jicho lako liliona sawasawa. Ulichokosea ni kumtaja mwizi: hakikuvuja kitu kutoka ndani, ni hewa iliyo nje inayokula mwendo.

Na kuanguka? Hapa ndipo ningependa umsahihishe kwa uangalifu, kwa sababu ulimwambia mpira huanguka nguvu ikiisha. Mpira huanza kuanguka mara tu unapoachwa na vidole, bila kusubiri chochote. Katika ligi kuu za Marekani mrushaji husimama mita 18.44 kutoka besi ya nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, lakini kwa kuwa hupiga hatua mbele, mpira huuachia umebaki na mita kama 17 hivi. Kwa kasi ile safari inachukua takriban sekunde 0.4. Katika muda huo uzito peke yake unautoa mpira kwenye mstari wake wa mwanzo na kuushusha sentimita 78, karibu kimo cha meza. Ukirusha mpira sambamba na ardhi na wakati huo huo mwingine ukauachia udondoke kutoka kimo kile kile, pasingekuwa na hewa vyote viwili vingegusa ardhi pamoja. Mwendo wa mbele na mwendo wa chini haviulizani.

Tuje kwenye mpira wa kupinda. Hapa, mwalimu, umekosea, ingawa kwa nusu tu. Mpira unapinda kweli. Newton alishaona mwaka 1672 kwamba mpira wa tenisi uliopigwa kwa kukwaruzwa husafiri kwa njia ya kupinda, na miaka ya 1850 Mjerumani Heinrich Gustav Magnus aliichunguza kani hii, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Mpira unaojizungusha hukokota tabaka jembamba la hewa linaloung'ang'ania, na mishono yake mekundu, 108 ya uzi wa jozi, husaidia sana ung'ang'anizi huo. Matokeo yake ni kwamba hewa inayoachwa nyuma ya mpira haitoki moja kwa moja. Inatupwa upande mmoja. Mpira ukiisukuma hewa upande mmoja, hewa inausukuma mpira upande wa pili. Ndiyo sheria ya tatu ya Newton, hakuna uchawi mwingine.

Mpira wa kasi wa kawaida hutoka ukiwa unazunguka kinyumenyume, upande wake wa juu ukirudi kwa mrushaji. Unaitupa hewa chini, nao unabebwa juu kidogo. Haupandi hata siku moja, kwa mrushaji anayerusha kutoka juu ya bega, kwa kuwa kani hiyo haifikii uzito wake. Unashuka kidogo kuliko mpigaji alivyotarajia, na kwa jicho lake ni kama umepaa. Mpira wa kupinda huzunguka kinyume cha hapo, upande wa juu ukielekea kwa mpigaji, kwa hiyo hewa inatupwa juu na mpira unasukumwa chini zaidi ya uzito wake. Ukiinamisha mhimili wa mzunguko, sehemu ya kani hiyo inageuka kwenda pembeni.

Ubishi wa kwamba ni kiini macho ulidumu miaka mingi huko Marekani, hadi Lyman Briggs, mwanafizikia aliyewahi kuiongoza taasisi ya taifa ya vipimo ya nchi hiyo, alipoupima. Alikuwa amepita miaka 80 na amestaafu. Aliizungusha mipira kwa kasi anazozijua, akaiachia ndani ya mkondo wa hewa ya kutengenezwa, na akapima ilipoangukia. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1959 yalionyesha kwamba katika umbali wa mrushaji hadi besi ya nyumbani mpira unaweza kupinda hadi sentimita 44. Nampenda mzee huyu kwa sababu hakubishana, alipima.

Nusu uliyopatia ni hii. Wapigaji huapa kwamba mpira unakwenda sawa kisha "unavunjika" ghafla mbele yao. Hauvunjiki. Unapinda taratibu tangu mwanzo, ila kupinda kwenyewe hukua kwa mraba wa muda. Nusu ya kwanza ya safari inapopita, ni robo tu ya upindaji iliyoonekana. Robo tatu zote zinakuja katika nusu ya pili, yaani katika sekunde kama robo ya mwisho, wakati mpigaji ameshaamua. Kwa hiyo upindaji ni wa kweli na ughafla wake ni wa macho. Waeleze vijana wako hivyo, na ukipata nafasi waeleze pia kwa nini warushaji hawaupendi uwanja wa Denver, Coors Field, ulio karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari: hewa ya kule ni nyepesi, inausukuma mpira kidogo, basi upindaji unapungua na mpira uliopigwa unafika mbali zaidi.

Kwenye kupiga, tatizo lako ni moja tu, na ni la muda. Gongo na mpira hukutana kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Chukua mpira unaofika kwa mita 38 kwa sekunde na kurudishwa kwa mita 45. Momenta yake imebadilika kwa kiasi ambacho, katika muda huo mfupi, kinahitaji kani ya wastani inayolingana na uzito wa takriban tani 1.7, na kilele chake ni kikubwa zaidi ya hapo. Hakuna kijana mwenye mikono ya tani 1.7. Mikono haiusukumi mpira kabisa. Kinachousukuma ni gongo lenyewe, kwa masi yake na kwa kasi liliyokuwa nayo tayari. Mtikisiko wa mgongano unaposafiri kwenye mbao ukafika kwenye mpini na kurudi, mpira umeshaondoka. Ndiyo maana majaribio yameonyesha kwamba gongo lililobanwa kwa nguvu na gongo lililoachwa lizunguke huru hutoa kasi ile ile ya mpira. Kukaza ngumi wakati wa kugusa hakuongezi kitu.

Hili unaweza kuwaonyesha wenyewe. Simu nyingi sasa hupiga video ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde. Kati ya picha na picha ni sekunde 0.004 hivi, muda mrefu kuliko mguso wote. Mara nyingi utapata picha ya mpira ukija na picha inayofuata mpira ukienda, na mguso wenyewe haupo. Mwachie yule binti aitafute picha ya "kusukuma" mpira. Hataipata, na hatasahau.

Lakini usiache kuwafundisha kumalizia mzungusho. Amri yako ni sahihi hata kama sababu yake haikuwa sahihi. Mpigaji anayepanga kusimamisha gongo baada ya kugusa huanza kulipunguza mwendo kabla ya kugusa, na hapo ndipo hasara ilipo. Anayemalizia mzungusho anakuwa amefika kwenye mpira akiwa na kasi yake yote. Kwa mrushaji kumalizia ni muhimu zaidi, kwa kuwa mkono uliokwenda kwa kasi ile unahitaji nafasi na muda wa kupoa, ama sivyo bega ndilo linalousimamisha kwa ghafla.

Gongo zito sasa. Mpira wa besiboli ni mvivu wa kudunda kuliko watu wanavyodhani: ukiuachia kwenye sakafu ngumu hurudi takriban theluthi moja tu ya kimo ulikotoka, kwa sababu nishati nyingi ya mgongano inapotelea ndani ya uzi na ngozi. Kwa hiyo kasi ya mpira unaokuja haimsaidii mpigaji kama inavyosemwa. Hesabu ya kawaida kwa gongo la mbao ni hii: kasi ya mpira unaotoka ni kama 0.2 ya kasi ya mpira uliokuja, ukijumlisha 1.2 ya kasi ya gongo pale lilipogusa. Soma vizuri namba hizo mbili. Kila mita moja kwa sekunde unayoiongeza kwenye gongo inafanya kazi mara sita ya ile inayoongezwa na mrushaji.

Gongo zito linaboresha kidogo ile 0.2, ni kweli. Babe Ruth, mpigaji maarufu wa zamani wa Marekani, alitumia magongo ya zaidi ya kilo 1.1 na hakuna anayeweza kusema yalimwangusha. Ila masi haina faida ikiwa imekunyang'anya kasi, na kijana wa miaka 13 hunyang'anywa nyingi. Kinachomchelewesha hasa ni mahali masi ilipo kuliko kilo zenyewe. Mpe ashike gongo kwa upande mnene alizungushe, kisha ashike mpini kama kawaida. Gongo ni lile lile, ila la pili litamwelemea. Kadiri uzito unavyokaa mbali na mikono ndivyo unavyokuwa mgumu kuuzungusha. Basi kijana anayechelewa, mpe jepesi, au mwambie ashike mpini juu kidogo, sentimita tatu au nne. Wachezaji wa siku hizi wenye miili mikubwa kabisa hutumia magongo ya karibu gramu 900, na mipira inaruka uzio.

Jambo moja dogo kabla sijafika kwenye kiwiko: ukisikia wanaambiwa wapige kwa pembe ya nyuzi 45 ndipo mpira ufike mbali zaidi, hiyo ni kweli mahali pasipo na hewa. Penye hewa, pembe nzuri ni nyuzi 25 hadi 30.

Sasa kijana wako. Anaporusha, mwendo hauanzii mkononi. Mguu unaisukuma ardhi, nyonga zinazunguka, kiwiliwili kinafuata, bega, na mwisho mkono. Ila kuna nukta moja ambapo kiwiliwili kimeshageuka kumkabili mpigaji na kigasha, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja, bado kimelala nyuma, kiganja kikiangalia juu. Kigasha, kama kitu chochote chenye masi, kinakataa kubadilishiwa mwendo. Kinabaki nyuma wakati mkono wa juu unakivuta mbele, na kinachokizuia kisipinduke ni tishu za upande wa ndani wa kiwiko, pale pale anapoonyesha kuuma. Kwa warushaji watu wazima wa kiwango cha juu, msokoto uliopimwa hapo ni karibu nyutoni-mita 64. Ili upate picha, laza kigasha chako ubavu, kisha mtu aning'inize kwenye kiganja mzigo wa kilo 20 na ushei. Hiyo kwa mrusho mmoja. Kwa mtu mzima kinachochanika ni kano, na upasuaji wa kuirekebisha unaitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji aliyefanyiwa wa kwanza na daktari Frank Jobe mwaka 1974, kisha akaendelea kucheza hadi 1989.

Kijana wa miaka 13 msokoto wake ni mdogo kuliko huo, lakini kwake sehemu dhaifu mara nyingi siyo kano. Ni ile sehemu laini ya mfupa ambayo bado inakua, mahali kano na misuli vinaposhikia. Ikivutwa mara kwa mara bila kupumzishwa, huvimba na inaweza kuachana na mfupa. Habari njema ni kwamba ikigunduliwa mapema kwa kawaida hupona kwa kupumzishwa. Ikipuuzwa, anaweza kubaki na kiwiko kisichonyooka.

Je, ni mpira wa kupinda? Pengine sivyo. Vipimo vya msokoto havikuonyesha kwamba mpira wa kupinda unakielemea kiwiko kuliko mpira wa kasi. Mara nyingi mpira wa kasi ndio uliozidi. Kinachojitokeza tena na tena kama chanzo ni wingi wa mirusho na uchache wa mapumziko. Hata hivyo mimi ningemwekea mpira wa kupinda kando kwa sasa, kwa sababu umri huu wengi huurusha kwa kuupotosha mkono vibaya. Mpira wa kasi na ule wa polepole unaorushwa kwa mkono ule ule vinamtosha.

Tazama ratiba yako. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa Marekani mwaka 2014 na Major League Baseball (ligi kuu ya huko) pamoja na USA Baseball (chama cha taifa cha mchezo huo), unasema mwenye miaka 13 au 14 asizidishe mirusho 95 kwa siku, na akishafika 66 apumzike siku nne kamili. Mirusho 80 ya Jumamosi ina maana asirushe hadi Alhamisi. Wewe Jumanne unamrudisha. Mwongozo huo unataka pia kwamba aliyerusha asiwe mdakaji, yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, katika mchezo huo huo, na kwamba kila mwaka apate angalau miezi minne bila mashindano ya kurusha. Naamini hukufanya kwa kutojali, hakuna aliyekuambia.

Mimi siwezi kukiona kiwiko chake kutoka hapa, na wewe usijaribu kukitibu kwa barafu na maneno. Zungumza na wazazi wake wiki hii, apelekwe kwa daktari wa mifupa au wa michezo, na wamwambie wazi kwamba ni mrushaji na kwamba bado anakua, maana picha ya eksirei ya umri huu mara nyingi husomwa kwa kulinganisha viwiko vyote viwili. Kama alisikia mlio wa kukatika wakati wa kurusha, kama kiwiko kimevimba au hakinyooki, au kama kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi, aende leo.

Akiruhusiwa kurudi, aanze kwa masafa mafupi na mirusho michache, akiongezewa kadiri daktari atakavyosema. Mpaka siku hiyo ifike usimwache akae nje ya uwanja akijiona hana kazi. Mpe daftari na kalamu, awe ndiye anayehesabu mirusho ya wenzake, na mmoja wao akifika 95 akuite.